Mwaka Niliosema Sori

Nilisimama kabla ya wengine. Jeneza la Danny lilikuwa limeshawekwa mbele, kasisi alikuwa bado anahangaika na miwani yake, mtu mmoja huko nyuma akabonyeza alichotakiwa kubonyeza, besi ikapanda nota tatu, nami huyo wima. Ukumbi mzima ulikuwa bado umekaa: wanaume wa miaka hamsini wenye michoro shingoni na suti zilizokataa kufunga vifungo, wake zao, na wazee wachache wa mtaa. Waliponiona nimesimama wakadhani najua utaratibu, nao wakasimama. Sikujua utaratibu wowote. Zile nota tatu ni zangu. Nilizitoa kanisani kwetu Voi, ambako mpiga besi hupanda hivyo kuwaambia waumini wainuke kwa wimbo wa mwisho, na tangu wimbo wa Danny unaoanza nazo uanze kupigwa redioni nimeinuka kwa nota hizo kwa daktari wa meno, saluni kichwa kikiwa kimesukwa nusu, na mara moja ndani ya basi nikiwa nimepakata trei ya mayai. Miguu yangu hainiulizi kwanza.

Mimi ni muuguzi wa miaka mingi. Wodini wananiita Sista Wakio, na wanafunzi wananiogopa kidogo, jambo ambalo silipingi. Ni wachache wanaojua kwamba kwa mwaka mmoja, katikati ya miaka ya tisini, nilipiga gitaa la besi katika bendi ya vijana wa Kiingereza iliyoitwa Wet Floor, bendi ambayo baadaye ilijaza viwanja. Hao wachache hunitazama, wakatazama na viatu vyangu, kisha wakacheka. Siwalaumu. Nilidhani na mimi nimeshausahau mwaka ule, mpaka Lee wa bendi ile aliponipigia simu kunieleza kwamba Danny ameanguka akiosha gari lake na moyo haukuwaka tena. Tangu simu hiyo sikuweza kukaa kitako. Nilipanga kabati la vyombo mara mbili. Siku moja nilishuka kwenye basi vituo vinne kabla ya changu nikaenda kwa miguu, kwa sababu tu basi lilikuwa linajikokota na mimi sikuweza kuvumilia.

Wakati ule nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikaa ughaibuni, mtaa wa Thornton Heath, kwa shangazi yangu Mghoi, juu ya duka la mazulia, katika vyumba viwili ambamo hukuruhusiwa kutembea na viatu kwa sababu mwenye duka alikuwa na masikio. Nilikuwa nasubiri jibu la chuo cha uuguzi. Kila Jumamosi nilisafisha ukumbi wa kanisa moja nyuma ya barabara kuu, ukumbi wenye harufu ya chai ya juzi na raba za watoto. Jumapili mchana ushirika wetu wa Wakenya uliutumia kwa ibada, na Jumamosi saa nane mchana vijana wawili waliukodi kwa ajili ya kelele. Mmoja alikuwa Danny, mrefu, mwembamba, aliyepiga gitaa na kuimba kwa sauti iliyotokea puani. Mwingine alikuwa Lee, mfupi mwenye nywele nyekundu, mpiga ngoma. Mpiga besi wao alikuwa amemfuata msichana mji mwingine akaacha gitaa lake limeegemea ukuta, nami kwa Jumamosi tatu nililipitishia deki pembeni kama kiti kibovu.

Jumamosi ya nne walitoka uani kugombana, nikaliokota. Nilitaka kusikia tu kama bado vidole vinakumbuka. Nilipiga wimbo wa mwisho wa kanisa kwetu, wote, na zile nota tatu za kuwainua watu, na nilipogeuka Danny alikuwa amesimama mlangoni na sigara iliyozima.

"Wewe ni nani?" akauliza.

"Msafishaji," nikasema, nikairudisha ile besi ukutani.

Hakuniacha niirudishe. Jioni ile sikumaliza kupiga deki, na kibao changu cha njano cha kuwaonya watu kwamba sakafu imelowa, chenye yale maneno mawili ya Kiingereza, Wet Floor, na mtu anayeteleza, Lee alikichukua akakisimamisha mbele ya ngoma yake ili isisogee. Kilikaa hapo. Walikuwa wamekesha miezi sita wakitafuta jina la bendi, kumbe jina lilikuwa linasubiri kwenye ndoo yangu. Jina langu mimi walilifupisha likawa Waki, neno ambalo kwao lina maana ya mtu mwenye wazimu wa kuchekesha, nami nililiacha lipite kwa sababu lilitamkwa kwa upendo, na kwa sababu nilikuwa sijawahi kupewa jina na mtu ambaye si ndugu yangu.

Walisema wanapiga panki. Kwetu panki ilikuwa mtindo wa kunyoa, ule wa kuacha nywele zimesimama juu na kando peupe, basi nilikiangalia kichwa cha Danny nikiitafuta na sikuiona. Akanieleza kwamba ni muziki. Panki ya kaka zao ilikuwa na hasira tupu. Hii yao ilikuwa na hasira ileile lakini imetiwa sukari, ili hata mama yake aweze kuiimba akipiga pasi. Shangazi nilipomweleza alisema kama ni panki si wanyoe basi, tujue. Baadaye nilimsikia kwenye simu na rafiki yake wa Peckham, akiwa ameteremsha sauti kana kwamba sipo nyuma ya pazia, akisema huyu mtoto wa kaka ameingia kwa watu wa panki, lakini angalau wanakutana kanisani.

Sikuwa nimewahi kupiga kitu cha kasi namna ile. Nilizoea kupigia wazee ambao lazima kwanza wakitafute kitabu cha nyimbo, kisha miwani, kisha ukurasa. Nyimbo za Danny zilikwisha kabla mzee kama huyo hajafungua kitabu. Vidole vilitoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, nikapaka mafuta na kuendelea. Nilikuwa na furaha ambayo haikunipa usingizi. Mwaka mzima nilitembea Thornton Heath nikipiga paja langu kwa vidole, kwenye foleni, chini ya mnara wa saa, ibadani, mpaka shangazi akanishika mkono katikati ya maombi na kuukandamiza kwenye benchi. Nilihisi kwamba kitu kinakuja na kwamba nikikaa vibaya kitanipita. Sijawahi kuhisi hivyo tena, na nasema hivyo bila kujionea huruma.

Siku moja ya baridi Lee alijipiga kidole gumba kwa fimbo ya ngoma, sawasawa juu ya ukucha. Nikamwambia pole. Akauliza hiyo ni nini, nikamwambia ni sori.

"Kwa nini useme sori wewe?" akasema, kidole kimo mdomoni. "Nimejipiga mwenyewe."

Nilikaa juu ya spika nikawaeleza, na nakumbuka nilivyojisikia mwalimu. Kwetu haya ni maneno mawili. Pole ni ya mtu aliyeumia, na yeyote anaweza kuitoa, hata aliyekuwa Mombasa jambo lilipotokea. Unampa aliyefiwa, aliyejikwaa, anayekohoa, aliyetoka kazini, na yeye hujibu nimeshapoa, hata damu ikiwa bado inachuruzika. Samahani ni kitu kingine. Hiyo anaisema aliyekosa, na hakuna wa kumsaidia kuisema. Nyinyi, nikawaambia, mmetia vyote viwili kwenye chungu kimoja, mtu anasema sori na hamjui analia au anatubu. Danny alikuwa ameacha kufunga nyuzi za gitaa anasikiliza. Pole ilimpendeza. Lee yeye aliitaka ile nyingine, akaniomba niirudie, akaijaribu mara tatu huku meno yanamgonga kwa baridi.

"Hii ngumu," akasema.

"Inatakiwa iwe ngumu," nikamjibu.

Wiki iliyofuata Danny alikuja na wimbo. Ulihusu mtu ambaye siku nzima mambo yanamwendea kombo, amekosa treni, amekosa kazi, amemwagikiwa chai, na kila anapofika kuna sauti inamwambia pole. Kiitikio kilikuwa neno hilo tu, mara tatu, kwa kupiga kelele. Sasa pole ukiirudia haraka haraka bila kupumua unapata polepole, na huo ndio ulikuwa wimbo wa kasi kuliko zote tulizowahi kupiga. Akina mama wa kwaya yetu, waliokuwa wamewahi kufika kwa mazoezi, walisimama mlangoni na mifuko yao wakicheka hadi wakashikana. Anatuambia polepole, walisema, na yeye anakimbia hivyo, kwani anafukuzwa na nani? Danny aliponiuliza wanacheka nini nilimwambia wameupenda. Haukuwa uongo, maana wimbo ulipoanza tena waliweka mifuko chini. Mwanzoni mwa wimbo, kabla hajaimba lolote, niliweka zile nota tatu za Voi.

Tulikula katika jikoni mbili mwaka ule. Moja ilikuwa ya Carol, mama yake Danny, jikoni nyembamba yenye mapazia ya njano na redio juu ya friji, ambamo tulikula maharagwe matamu ya kopo juu ya mkate uliochomwa, mimi nikishangaa ni nani aliyewaambia watie sukari kwenye maharagwe. Carol alimwita kila mtu mpenzi, hata mtu wa kusoma mita ya gesi. Aliuliza maswali yake huku mgongo umetugeukia, na alikuwa anajua majina ya binamu zangu wote kabla sijajua lini nilimtajia. Jikoni nyingine ilikuwa ya shangazi. Huko walikula kimanga, muhogo na maharagwe vilivyopondwa pamoja namna ya Kitaita, na Lee aliomba tena, akaomba tena, mpaka shangazi akamsamehe makosa yake yote ya muziki. Shangazi alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee na alikuwa anarudi amechoka kiasi cha kula amesimama. Aliwatazama wale vijana wakila akasema kwa Kiswahili, mbele yao, kwamba hawa ni watoto wa watu kama wengine, tatizo lao ni kelele tu.

Barua ya chuo ilifika mwanzoni mwa machipuko. Nilikuwa nimekubaliwa, nianze Septemba. Wiki hiyohiyo tulipiga mchana mmoja kwenye baa moja huko Camden, na miongoni mwa watu kumi na wawili waliokuwepo alikuwamo mtu wa kampuni ndogo ya kurekodi, mwenye koti la ngozi na mafua makali. Alimwambia Danny amletee kaseti ifikapo Ijumaa ya juma lijalo, kwa sababu Jumamosi anasafiri Marekani na akirudi atakuwa amesikia bendi nyingine mia. Kwenye treni ya kurudi Danny aliniuliza kama mtu huyu akikubali nitaahirisha chuo. Nilimwambia ndiyo kabla hajamaliza kuuliza. Nyumbani niliiandika barua ya kuahirisha, nikaificha kwenye Biblia yangu, ndani ya Mambo ya Nyakati ambako shangazi hafiki, ikisubiri stempu.

Tulirekodi Jumamosi palepale ukumbini, kwa mashine ndogo ya kuazima iliyotumia kaseti ya kawaida, ile ile ya kununua dukani. Nyimbo nne. Hapakuwa na nakala, tulipanga kuitoa Jumatatu. Tulimaliza jua likiwa bado juu, tukaisikiliza mara moja tumekaa sakafuni. Danny aliiacha kaseti ndani ya mashine, mashine akaitia kwenye kabati la vifaa, nami nikafunga kabati. Ufunguo mmoja ulikuwa wangu wa usafi, mwingine ulikuwa wao. Jumapili ushirika wetu ulikuja kama kawaida, na watoto wa ushirika, na baada ya ibada nilifagia nikatoa takataka.

Jumatatu jioni mimi na Lee tulikuwa jikoni kwa Carol. Carol alikuwa ametuwekea mkate na maharagwe yake. Danny aliingia bila kuvua koti, uso umemwisha damu, akasema mashine iko palepale na ndani hamna kitu. Kaseti haipo. Amepekua kabati, ukumbi, pipa la nje, haipo.

Nilisimama nikasema, "Sori. Sori sana, Danny."

Ungesema nini wewe? Mtu amefiwa na kitu chake. Nilikuwa nimefiwa na mimi, ilikuwa kaseti yangu pia na barua yangu ilikuwa kwenye Biblia, lakini yeye ndiye aliyekuwa amesimama pale, na mdomo wangu ulitoa kilicho ndani yake.

"Umefanya nini?" akaniuliza.

"Sijafanya kitu. Sori tu."

"Kama hujafanya kitu, mbona unasema sori?"

Nikaeleza, na nikieleza nikasema tena sori, kwa sababu alikuwa ameanza kulia, kijana mrefu vile. Baadaye nilizihesabu, zilikuwa tano. Kila moja niliyotoa ili kumpoza ilizidi kunizika. Alisema nilifagia, nilitoa takataka, nina ufunguo. Nilisema sikufungua kabati. Alisema basi kwa nini, Waki, kwa nini. Somo langu la pole na samahani halikumrudia hata kidogo, na mimi kwa fadhaa sikumkumbusha, Kiswahili chote na Kiingereza chote vilikuwa vimenitoka. Carol aliniwekea mkono begani akasema angalau nimekuwa na ujasiri wa kukiri. Lee alikuwa anatazama sahani yake. Mkate wake ulikuwa umeumwa mara moja tu, na Lee hakuwa mtu wa kubakisha chakula. Niliona hilo, na sikulifanyia kazi.

Shangazi alinisikiliza usiku ule akiwa amekaa, jambo la nadra. Hakunigombeza. Alinieleza kwamba mwaka wake wa kwanza kazini mzee mmoja alianguka bafuni wakati wa shifti ya mtu mwingine, na binti yake alipokuja, yeye shangazi akamwambia sori kwa huruma. Kesho yake aliitwa ofisini kuandika maelezo.

"We Wakio," akasema, "hapa sori ni sahihi. Ukishaitamka umeshaweka sahihi, kilichobaki ni kusoma ulichosaini."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Alisema alidhani ni ujinga wake peke yake.

Jumamosi nilipofika ukumbini palikuwa na kijana mwingine ameshika besi, na Danny alikuwa anamfundisha zile nota tatu. Alinitoa nje akaniambia kwa upole kwamba mimi nina chuo, nisome, muziki si kitu cha kutegemea. Walikuwa wamerekodi upya Jumatano, besi akipiga Danny mwenyewe. Ijumaa mtu wa mafua alikuwa ameikubali. Nilipiga deki kuanzia jukwaani hadi mlangoni huku wao wamekaa wanasubiri pakauke. Nilitaka kuondoka na kibao changu cha njano, nikakiona mbele ya ngoma, nikakiacha. Ile barua ya kwenye Biblia niliichana. Nilimchukia Danny miezi mingi na kumkosa miezi hiyohiyo, na Septemba nikaingia chuoni.

Waliyoyafanya baadaye kila mtu wa rika fulani anayajua. Kaseti ya Jumatano ikawa diski, wimbo wa pole ukaingia redioni, na ilipofika miaka ya elfu mbili walikuwa wanapiga Japani na Marekani mbele ya watoto waliokuja na vibao vya njano walivyoiba kwenye maduka makubwa. Walitoa albamu tatu, wakagombana, wakaachana, wakarudiana kwa msimu mmoja wa kiangazi, wakachoka. Kwenye diski ya kwanza, niliyoinunua Croydon nikiwa na sare ya uanafunzi, jina langu limo kwenye shukrani, herufi ndogo, Waki, kwa sakafu. Nilikuwa naona vijana wa Kizungu wameandika pole vifuani, nami nikawapita na toroli ya dawa. Nimefanya kazi wodini miaka yote hii bila kumwambia mfiwa hata mmoja sori. Ninaleta kiti, ninaleta chai, ninashika mkono, ninasema nipo hapa. Wanafunzi wanadhani ni kanuni za hospitali. Sijawahi kuwasahihisha.

Basi baada ya kumuaga Danny tulikwenda nyumbani kwa Carol, nyumba ileile, watu wamejaa hadi kwenye ngazi, sahani za mkate uliokatwa pembe tatu zikipita vichwani. Mlangoni nilimkumbatia Carol nikamwambia Danny alikuwa na sauti nzuri. Amekuwa mdogo, kichwa chake kilinifika kifuani. Sikumwambia neno lile. Nilihangaika na kikombe changu, nikahamia dirishani, nikarudi, mpaka Carol akanishika mkono katikati ya sebule, na kwa kuwa sasa hasikii vizuri alisema kwa sauti ya watu wote.

"Nilikusamehe siku ileile, mpenzi. Nataka ujue. Na Danny naye alikusamehe."

Nilisema asante. Ndiyo, nilimshukuru, mbele ya watu sitini, kwa kunisamehe kosa ambalo sikulifanya. Kisha nikakusanya vikombe, vingine vikiwa bado na chai, nikaingia navyo jikoni. Mapazia siku hizi ni ya buluu. Nilikuwa naosha kikombe kisafi mara ya pili niliposikia mlango ukifungwa nyuma yangu, nikajua ni Lee kabla hajasema.

Aliniambia mgongoni, sikugeuka. Jumamosi ile, baada ya sisi kuondoka, alirudi ukumbini na ufunguo wao, akaichukua kaseti akasikilize tena nyumbani kwa sababu hakuweza kungoja. Aliiacha kwenye redio ya chumbani. Jumapili jioni dada yake aliona kaseti imo ndani, akabonyeza, akarekodi nyimbo kali za wiki juu yake kama alivyofanya kila Jumapili. Wimbo wetu wa kwanza hadi wa nne, zote zikafutika. Jumatatu Lee alikuja kwa Carol akiwa amejiandaa kusema. Alikuwa anasubiri Danny avue koti.

"Nilifungua mdomo," Lee akasema. "Ulikuwa umeshasema wewe."

Nilimuuliza kama Danny alijua. Alisema hapana. Kila mwaka alikuwa amwambie. Nilizima bomba. Nilitaka kumrushia kile kikombe, nasema kweli, na nilichokiona si bendi wala viwanja, ni Danny akianguka kando ya gari lake, anakufa huku akinijua kama msichana aliyetupa kaseti yake kwenye pipa. Hilo haliwezi kurekebishwa na mtu yeyote.

"Samahani," akasema Lee.

Aliitamka vizuri. Dunia nzima ilimpigia kelele ile pole kwa miaka, na hii aliibeba peke yake tangu siku ya kidole. Nilijua neno linalojibiwa, nimekusamehe. Sikulitoa.

"Sijapoa, Lee," nikamwambia. "Nenda kamwambie Carol."

"Leo amemzika mwanawe, Waki."

"Na leo amenisamehe."

Alijifuta uso kwa kitambaa cha vyombo, akaenda. Aliuacha mlango wazi kidogo. Nilimsikia anaanza, akasimama, akaanza tena kwa sauti kubwa zaidi kwa sababu Carol alimwambia hasikii, hivyo aliyasema yote kwa kupaza sauti, kaseti, dada, Jumapili, mkate, na sebule ikanyamaza hatua kwa hatua kama watoto mwalimu anapoingia. Nilikuwa nimeusubiri ukimya huo karibu miaka thelathini. Nilidhani ungenitosha. Badala yake nilisikia kiti kikisukumwa na hatua za mtu mzee zikija, polepole, akishika ukuta, nikaona aibu. Nilikuwa nimemtwisha mzigo mwingine siku ambayo hakupaswa kubeba hata sahani.

Carol aliingia akafunga mlango. Alinitazama. Mikono yake ilikuwa inatafuta kitu cha kufanya, ikachukua kikombe, ikakirudisha. Alikuwa mama aliyefiwa, amesimama jikoni kwake anatafuta neno la kuniambia mimi. Katika Kiswahili ningelazimika kuchagua kati ya pole na samahani, na nilikuwa na deni la yote mawili. Kwa mara ya kwanza maishani niliona faida ya lile neno lao moja.

"Sori, Carol," nikasema. "Sori sana."

Alinishika mikono yote miwili, bado imelowa maji ya vyombo, akaegemeza kichwa chake kifuani kwangu. Hakuniuliza nimefanya nini.